Kioo Kikizimika, Usikimbilie Swichi

Juma lililopita nilikuwa nikiingiza hesabu ya michango ya msiba katika kompyuta ya ofisi ya msikiti. Niligeuka kuhesabu risiti. Niliporudisha macho, kioo kilikuwa cheusi. Kijana aliyekuwa karibu alinyoosha mkono azime umeme. Nikamzuia upesi, kwani kazi ya saa nzima ilikuwa haijahifadhiwa, na fedha za watu ni amana.

Kioo kuwa cheusi si kufa kwa kompyuta. Tikisa kipanya au bonyeza kitufe kimoja. Mara nyingi kitawaka. Hifadhi kazi yako kwanza, kisha fungua mipangilio ya umeme. Humo mna vipimo viwili: dakika za kuzima kioo, na dakika za kompyuta yenyewe kulala. Viongeze vyote. Tazama pia programu ya kulinda kioo, maana ina muda wake wa pekee. Kikizimika hata ukiwa unaandika, kagua waya unaokiunganisha na kompyuta, huenda umelegea.

Wafundisheni na watoto nyumbani: subira kabla ya swichi. Hesabu ile ilisomwa baada ya Isha, haikupungua shilingi.