Halmashauri ikishtakiwa, nani anaitetea, na nani anagharamia?

Mkulima wa pamba wilayani Bariadi anayeamini kuwa halmashauri ya kijiji imetwaa shamba lake isivyo halali anahitaji kujua jambo moja mapema: nani atasimama upande wa pili. Jibu lake limebadilika tangu 2018.

Ilivyokuwa awali

Halmashauri ilikuwa na njia mbili: kumtumia mwanasheria iliyemwajiri, au kukodi wakili wa kujitegemea. Mwanasheria wa ndani anayajua mafaili na watendaji, na mshahara wake haupandi kesi zikiongezeka. Wakili wa kukodi amezoea mahakama, lakini hulipwa kwa kila shauri, na fedha hizo hutoka kwenye mfuko uleule unaojazwa na ushuru wa mazao na masoko.

Nini kilibadilika?

Februari 2018 iliundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kusimamia mashauri ya madai ya Serikali. Mwaka 2020 Bunge likarekebisha Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, na serikali za mitaa pamoja na mashirika ya umma zikahesabiwa kuwa Serikali. Anayezishtaki lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha afungue shauri Mahakama Kuu. Asipomuunganisha, shauri linabatilika.

Kwa Serikali faida iko wazi: mawakili wake yenyewe, msimamo mmoja, na ada chache za kulipa nje.

Mzigo umehamia wapi?

Sehemu ya gharama imemwangukia mlalamikaji. Mgogoro wa ekari chache ambao zamani ungeanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halmashauri ya kijiji ikiwa mdaiwa, sasa ni wa Mahakama Kuu. Kwa wakazi wa Simiyu, kwa miaka mingi hiyo imekuwa na maana ya safari ya Shinyanga: nauli, malazi, siku za kazi zilizopotea na ada ya wakili. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kumwelimisha na kumwelekeza, lakini hawawezi kumwakilisha mahakamani.

Kwa hiyo thamani ya mwanasheria wa ndani sasa inapimwa kabla ya kesi kufunguliwa. Yeye ndiye aliye karibu na kijiji, Maswa, Meatu, Itilima, Busega au Bariadi. Akishirikishwa kabla ardhi haijatwaliwa, atauliza kama mkutano mkuu wa kijiji uliridhia, kama muhtasari upo, na kama fidia imelipwa. Akiletewa faili baada ya notisi kufika, bado ana siku 90 za kutafuta suluhu.

Siku hizo zikiachwa zipite bure, pande zote mbili zitalipa: halmashauri kwa muda na fedha, mkulima kwa msimu mzima wa kilimo.