UZITO WA TELA: HESABU KABLA YA SAFARI

Katika nyumba za askari uhamisho haupigi hodi mara mbili. Barua ikifika, vitanda, magunia na watoto hupakiwa siku moja. Juma lililopita jirani yangu hapa Awindiri, afande wa polisi, aliazima tela ili apeleke Koboko, anakojenga, mifuko 50 ya saruji, huku mkewe na watoto watatu wakiwa ndani ya pikapu. Akaniuliza, "Mwalimu, gari hili litavuta?"

Nikamjibu kuwa kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama. Injini yaweza kuondoa mzigo ambao breki haziwezi kuuzuia mteremkoni. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayopasa kuzuiwa na breki huzidi mara nne.

Tukafungua kitabu cha gari. Humo hutafutwa namba tatu: uzito wa mwisho wa gari na shehena yake, uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja, na uzito wa mwisho wa tela. Kwake zilikuwa kilo 2,900, kilo 5,000 na kilo 2,500.

Afande akaanza kutoa uzito wa gari tupu, kilo 1,900. Mama watoto, aliyekuwa akichambua maharagwe barazani, akauliza, "Na sisi hatuna uzito?" Swali hilo lilikuwa ndilo somo lenyewe. Watu watano walikadiriwa kilo 250, na vyombo vya nyumbani kilo 400. Jumla ikawa 2,550. Ukiitoa katika 5,000, hubaki 2,450 kwa ajili ya tela na mzigo wake. Tela tupu ilikuwa na kilo 550. Basi mzigo hauwezi kuzidi kilo 1,900, yaani mifuko 38. Ile 50 ilipita kipimo kwa kilo 600.

Yafaa pia kukumbuka kuwa mdomo wa tela huelemea nyuma ya gari. Kadiri ya fungu moja katika kumi la uzito wa tela lapasa kukaa hapo. Kwa kilo 2,450 ni kilo 245. Gari lingefika 2,795, chini ya ile 2,900. Mzigo ukirundikwa nyuma ya tela, mdomo huinuka na tela huyumba kama mlevi. Ikiyumba, usikanyage breki kwa ghafula. Ondoa mguu kwenye mafuta, ushike usukani sawasawa.

Ndipo nikainama chini ya tela. Haikuwa na breki. Zile kilo 2,500 za kitabu ni za tela yenye breki zake yenyewe. Kwa isiyo na breki, kitabu kiliruhusu kilo 750 tu. Toa 550 za tela: zabaki 200. Mifuko minne!

Afande alicheka, kisha akanyamaza, akawatazama watoto. Saruji ilikwenda kwa lori, nao wakasafiri kwa pikapu bila tela. Nauli ya lori ilimuuma, lakini walifika salama.

Kwa akina mama na vijana wanaopakia, vipimo hivi vikaririwe: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo pipa la lita 200 lililojaa huzidi kilo 200. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni karibu kilo 1,600, na mchanga ukinyeshewa huongezeka. Usiposadiki makadirio, tafuta mizani.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekuhimiza uongeze mfuko mmoja tu hatakuwapo mteremkoni. Piga hesabu nyumbani, ungali na nafasi ya kushusha.