Imani Isiyo na Cheti

Nkololo na kwingineko Bariadi wapo Wasukuma ambao hawajaacha kuwatambikia masamva, yaani mizimu ya wahenga wao. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inawalinda sawa na padri na shehe.

Karatasini, basi.

Msajili wa Vyama huandikisha jumuiya zenye katiba na viongozi; tambiko la ukoo halina mwenyekiti wala mhuri. Sensa nayo haijauliza dini tangu 1967. Hafla ya serikali ikifunguliwa kwa dua, zamu ni ya shehe na mchungaji.

Serikali huwakumbuka wenye matambiko likitokea balaa. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Ilifanya vyema, hakuna imani inayohalalisha damu ya mtu. Ila mpiga ramli chonganishi na mzee anayemimina pombe kaburini kwa babu yake ni watu wawili tofauti, na Sheria ya Uchawi, urithi wa Mwingereza wa mwaka 1928, haisaidii sana kuwatenganisha.

Kamati ya amani ya wilaya, wanakokaa shehe na mchungaji, ikiitwa tena, wazee wa matambiko nao wapewe viti.