Kuku Wawekewe Kafyu, Sawa. Lakini Nani Atanunua Chakula?

Kila mwaka baridi ikianza Uingereza, zile video zinarudi. Mzungu amesimama kando ya kibanda cha mbao, anaeleza kwa uchungu kwamba kuku wake sita hawaruhusiwi kutoka nje juu ya homa ya ndege. Ni amri ya serikali. Wasee huku wanakufa kicheko: ati kuku wamewekewa kafyu!

Mimi naona hivi: hiyo amri ina akili. Na ikiletwa Kisumu vile ilivyo, haimalizi wiki.

Tuanze na akili yake. Hii homa inabebwa na bata mwitu na ndege wa majini, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Virusi vinatoka kwa mate na kinyesi chao. Ndege anapita juu, anaachilia mzigo kwa sufuria ya maji ya kuku wako, basi. Kuku akipata ile aina kali mara nyingi hamalizi siku mbili, na katika kila kuku 100 wanaweza kufa 90 au wote. Ndiyo maana England walifungia kuku kutoka tarehe 7 Novemba 2022 hadi tarehe 18 Aprili 2023. Hata kama una kuku wawili tu wa kufurahisha watoto, ndani.

Ukidhani hayo ni mambo ya mbali, kumbuka Januari 2017. Ndege walianza kuokotwa wamekufa kando ya ziwa huko Entebbe, wengi wao wakiwa buabua, wale weupe wadogo wanaokuja huku kukwepa baridi ya Ulaya na Asia. Uganda wakatangaza ni homa ya ndege, na Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai ya Uganda. Sawa, lori unaweza kulisimamisha Busia. Buabua utamsimamisha wapi? Ziwa ni hilo hilo moja. Mimi naishi Nyalenda, ukitembea kidogo tu uko Dunga, na hao ndege wako hapo.

Sasa ile sehemu ya pili.

Mathe ana kuku 15 wa kienyeji nyuma ya ploti. Usiku wanalala kwa kibanda cha mabati, wamebanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Asubuhi mlango unafunguliwa na kila mtu anajitegemea: mchwa, majani, maganda ya jikoni, ugali uliobaki kwa jirani. Hiyo ndiyo biashara yote ya kuku wa kienyeji, wasee. Hatagi sana, hanenepi haraka, lakini anajilisha. Ukimfungia mchana kutwa umemgeuza kuwa kuku wa gredi kwa matumizi, na bado ni kienyeji kwa mayai.

Piga hesabu. Kuku mkubwa anakula kama gramu 100 kwa siku. Kuku 15 ni kilo moja na nusu, mwezi ni kilo 45, yaani karibu gunia zima la kilo 50. England walifungia zaidi ya miezi mitano. Nenda agroveti ya mtaa wako uulize bei ya magunia matano, halafu urudi umwambie mama anayeuza mayai ndio alipe fee ya shule kwamba ni kwa usalama wa taifa.

Na hapo sijagusa nafasi. Kuku wakibanana mchana wanaanza kudonoana, manyoya yanaisha, chawa wanaingia. Wazungu wanawatundikia kabichi wacheze nayo. Kwetu kabichi ikitundikwa itashushwa na mwenye njaa, na hatakuwa kuku.

Kwa hivyo watu watafanya nini amri ikija? Watafungia siku inspekta anapita, kesho yake wanafungua. Misri ilishatuonyesha. Mwaka 2006 homa ilipoingia huko, serikali iliambia watu watoe kuku kwenye mapaa na baraza za nyumba. Wengi waliwaficha, na ugonjwa ukakaa miaka. Kufikia sasa zaidi ya watu 350 wameambukizwa H5N1 Misri, na karibu 120 wamekufa. Wengi hawakuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Walikuwa akina mama na watoto wenye kuku wa nyumbani.

Hiyo ndiyo inanisumbua kuliko gunia. Wote tunajua kinachofanyika ploti kuku akianza kulegea: anachinjwa mbio kabla hajafa, ama anauzwa kwa bei ya kutupa. Ukimpika vizuri, virusi vinakufa. Lakini hatari inakuja kabla ya sufuria, kwa yule anayechinja, anayenyonyoa na kutoa matumbo kwa mikono mitupu. Kwetu huyo ni mathe na dada yangu wa darasa la nane. Kwenu ni nani?

Uingereza wanalipa fidia kwa kuku wazima wanaouawa kuzuia ugonjwa. Waliougua au waliokufa tayari, hakuna kitu. Maana yake ukiripoti mapema, unapata pesa zaidi. Hiyo ni akili ya biashara, na mathe angeielewa kwa dakika moja. Kwetu ukitaka apige simu kuku wawili wakifa, lazima ajue simu hiyo haitamaliza wengine 13 bure. Bila hiyo, atanyamaza, na sitamlaumu.

Kwa hivyo siku mtakapotuandikia hiyo amri, nyinyi wa kaunti na wizara, ije na chakula cha ruzuku kwa wenye kuku chini ya 50, na bei ya fidia ibandikwe ukutani kwa chifu hata kabla ya kuku mmoja kufa. Mkileta karatasi peke yake, mtaona mabanda yamefungwa na kuku wako mtaroni.

Kuna mambo ambayo hayangoji amri. Chakula na maji ya kuku yawekwe chini ya paa, si katikati ya uwanja. Bata walale mbali na kuku. Ukitoka ziwani, viatu vibaki mlangoni. Wavu peke yake juu ya banda hausaidii, kinyesi kinapita. Weka bati au karatasi nzito ya plastiki. Na ukiokota ndege amekufa ufukweni, usimpelekee mbwa.

Jumamosi mathe alinituma Kibuye nikaulize bei ya mabati yaliyotumika. Yako manne, yana kutu kidogo, na muuzaji hataki kushuka.