Pasi Kupata Moto Si Hoja

Anayetafuta pasi Luthuli Avenue, au karibu na nyumbani Kawangware na Kangemi, huuziwa maneno pamoja na bidhaa. Mengi hayashiki.

"Tumeijaribu mbele yako." Kilichojaribiwa ni kupata moto, na hilo hata pasi mbovu huliweza. Cha kuangalia ni kama inajua kuacha. Weka joto la chini, usiwe na haraka: taa izime yenyewe, kisha iwake tena. Ikikataa kuzima, thamostati haifanyi kazi. Iache hapo hapo kaunta.

"Pini mbili zinatosha, dunga kalamu hapo juu." Hili ndilo baya kuliko yote, na tumelizoea mno. Tundu la juu la soketi zetu ni la waya wa kijani na njano, unaofika hadi kwenye chuma cha pasi. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa chuma, stima hupita huko kwa kishindo na fyuzi ya plagi hukatika. Waya wa kijani na njano usipokuwepo, stima hungoja mkono wako, nawe umetoka kunyunyizia shati maji. Kiwango cha kimataifa, IEC 60335, kinataka stima inayovuja kwenye pasi yenye waya huo isizidi miliampia 0.75. Pini mbili ni halali kwa kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba tu. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Na kalamu yenyewe hufungua vizibo vilivyowekwa kuzuia vidole vya watoto.

"Ina stika ya KEBS." Stika ya shirika hilo la viwango huchapishwa, na za bandia zipo. Kwa bidhaa yenye namba ya kibali, tuma SM# na namba hiyo kwa 20023 kabla ya kulipa.

"Nzito ndiyo imara." Kiwango cha IEC hakiulizi uzito. Pasi hudondoshwa mara 1,000 juu ya bamba la chuma, kutoka milimita 40, ndipo ichunguzwe.

"Imetoka Marekani, orijino." Huko stima ni volti 120, hapa ni 240. Pasi yao ikichomekwa kwetu huvuta nguvu mara nne.

"Ikiharibika, fundi yupo." Yupo, na kwa waya uliochakaa mpelekee bila wasiwasi. Ila fyuzi ya joto ikikatika asiiruke kwa kipande cha waya. Aweke nyingine yenye digrii zile zile zilizoandikwa juu yake.