Bondo la Sangara na Bia Angavu

Watu wengi wakiulizwa bia hutengenezwa kwa vitu gani, hutaja shayiri, hopsi, hamira na maji. Na wakiulizwa kuhusu divai, hutaja zabibu. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Kati ya pipa la kuchachushia na chupa iliyokwisha kufungwa kuna hatua moja ambayo aghalabu haitajwi popote, nayo ni hatua ya kung'arisha. Katika hatua hiyo viwanda vingi vya Ulaya vimetumia kwa muda mrefu vitu vitokavyo katika miili ya wanyama: bondo la samaki, ute wa yai, protini ya maziwa, jelatini ya ngozi na mifupa, na hata damu ya ng'ombe iliyokaushwa, ambayo ilipigwa marufuku katika divai za nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 1997 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe.

Jambo hili lingebaki kuwa siri ya mafundi wa viwandani, isiyomsumbua mtu, kama si kundi la watu ambao kwao lina uzito mkubwa. Hao ni wavegani, yaani watu wasiokula wala kutumia kitu chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si samaki, si maziwa, si mayai, si asali. Jina lao lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipojitenga na walamboga wa kawaida na kuunda chama chao wenyewe. Mvegani anayetaka glasi moja ya bia hukabiliwa na tatizo la ajabu. Chupa iliyo mbele yake haina maneno ya kumwongoza. Ladha haimwambii kitu, rangi haimwambii kitu. Na hata mkemia mwenye vyombo vyote aghalabu hatakuwa na la kumwambia, maana kitu kinachotafutwa kilikwisha kuingia na kutoka. Humbidi basi amwandikie mwenye kiwanda barua na kungoja jibu.

Sikusudii kujadili hapa kama wavegani wanafanya vema kula kama walavyo. Hilo ni suala la dhamiri, na sayansi haina mizani ya kulipimia. Hoja yangu ni nyingine: kwamba namna kinywaji kinavyong'arishwa ni habari anayoijua mtengenezaji kikamilifu, na kwamba sheria zinazomruhusu kuinyamazia zimejengwa juu ya wazo lisilotosha. Wala si habari ya watu wa mbali peke yao. Mabondo tunayoyazungumzia hapa yametoka pia katika Ziwa Victoria.

Msomaji aliyekulia mahali penye maji ya tope anaijua tayari kanuni yenyewe. Kipande cha shabu hukorogwa katika mtungi, maji yakaachwa yatulie, na baada ya muda tope hushikana vibonge vibonge na kuzama. Huko Sudan, wanawake wa kando ya Mto Nile wametumia mbegu za mlonge zilizotwangwa kwa kazi hiyo hiyo. Sababu yake ni ya kiumeme. Chembe za udongo zielezo majini zina chaji hasi, na kwa kuwa zote ni za namna moja husukumana na kukataa kuungana. Ndiyo maana maji huweza kubaki na tope kwa siku nyingi. Shabu huleta aluminiamu yenye chaji chanya, na mbegu ya mlonge huleta protini yenye chaji chanya. Uadui wa chembe ukiisha, uzito wazo huzishusha chini.

Sasa tuiweke bia mahali pa maji, na hamira mahali pa udongo. Seli za hamira nazo zina chaji hasi. Kolajeni, ile protini inayojenga ngozi, kano na mifupa, huwa na chaji chanya ndani ya kinywaji chenye uchachu kama wa bia. Na bondo, yaani kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea, ni kolajeni karibu tupu. Likikaushwa, likakatwakatwa na kulowekwa katika asidi hafifu, huvimba na kuwa ute mzito. Na ute huo ukitiwa pipani, nyuzi zake ndefu huinasa hamira kama jarife linasavyo dagaa, kisha vyote hushuka pamoja. Lakini ukiupasha ute huo moto, nyuzi husambaratika na kuwa jelatini, ambayo kwa bia haina nguvu ile ile. Kwa sababu hiyo samaki wa maji ya joto ana faida yake: kolajeni yake huvumilia joto zaidi kuliko ya samaki wa bahari za baridi.

Hapo kale Waingereza walinunua kwa bei kubwa mabondo ya samaki wakubwa wa mito ya Urusi. Mwaka 1795 mhandisi William Murdoch aliwaonyesha kwamba bondo la samaki wa kawaida wa bahari ya kaskazini laweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na wenye viwanda vya bia vya London wakamlipa pauni 2,000 kwa maarifa hayo. Kisha zamu ikatufikia sisi. Sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima na kuangamiza aina nyingi za furu. Viwanda vya minofu vilijengwa kandokando ya ziwa, na bondo, ambalo zamani lilitupwa, likawa bidhaa. Sehemu kubwa ya mabondo hayo huenda China na Hong Kong, ambako huliwa katika supu, na bei ya huko imelifanya bondo kavu kuwa ghali kwa kilo kupita mnofu wenyewe. Sehemu nyingine imekwenda Ulaya kung'arisha bia na divai. Mvuvi wa Ukerewe aliyeuza bondo lake hakuambiwa liendako, kama vile mnywaji wa Uingereza hakuambiwa litokako.

Mtu aweza kuuliza kwa nini taabu yote hii. Mashapo ya hamira hayadhuru afya. Kwa hakika yana vitamini. Jibu langu ni kwamba uangavu wa bia ni pambo zaidi kuliko haja, nalo ni pambo la juzi. Bia ya kwanza ya lager yenye rangi ya dhahabu ilipikwa Plzeň, katika nchi ya Bohemia, mwaka 1842. Mwaka 1845 Uingereza iliifuta kodi ya vioo, na bilauri zikaanza kupatikana kwa watu wa kawaida. Mnywaji aliyezoea kikombe cha udongo au cha bati akaweza kwa mara ya kwanza kuona anachokinywa. Mwaka 1878 Mjerumani Lorenz Enzinger alipata hataza ya chujio la bia. Tangu hapo jicho limetawala ulimi, na bia yenye ukungu imehesabiwa kuwa mbovu hata kabla ya kuonjwa.

Pombe zetu za asili hazikuwahi kuingia katika utumwa huo. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, tembo la mnazi la pwani na urwagwa wa Rwanda hunywewa na ukungu wake, na vyombo vyake, kama kibuyu na kata, havimwonyeshi mtu uangavu wala ukungu. Kwa kipimo cha mvegani zote hizo ni safi bila mtu kuwa amekusudia. (Muratina ya Wakikuyu ni jambo jingine, kwa kuwa huchachushwa kwa asali.) Nasema haya si kwa kusifia ulevi, wala kudai kwamba kila pombe ya asili ni salama, bali kuonyesha kwamba mnyama hakuingizwa katika bia kwa ulazima wa uchachushaji. Aliingizwa na mapenzi ya kioo.

Na hata anayeupenda uangavu ana njia nyingine nyingi. Iliyo ya kale kuliko zote ni kungoja: pipa likiachwa mahali pa baridi kwa majuma kadhaa, hamira huzama yenyewe. Katika divai, udongo uitwao bentonaiti hufanya kazi kinyume cha bondo, kwani wenyewe una chaji hasi na huvuta protini zenye chaji chanya. Na siku hizi protini za njegere na za viazi zimeruhusiwa kushika nafasi ya maziwa na mayai. Katika bia, mwani hutiwa tangu kwenye sufuria la kuchemshia ili ushike protini za shayiri. Kinachofanya kazi ndani ya mwani huo ni karajinani, ambayo hupatikana pia katika mwani unaolimwa Unguja na Pemba, kilimo ambacho sehemu kubwa yake imo mikononi mwa wanawake. Kiwanda cha Guinness cha Dublin, kilichotumia bondo kwa miaka mingi, kilitangaza mwaka 2015 kwamba kingeliacha na kuweka mitambo mipya ya kuchujia, na kikatimiza ahadi hiyo katika miaka michache iliyofuata. Bia haikuharibika, wala wateja hawakukimbia. Hata hivyo nisieleweke kwamba kila kisicho cha mnyama ni chema kwa kila mtu. Vumbi la mawe ya silika yanayotumika katika machujio ni hatari kwa mapafu ya wafanyakazi wasiokingwa, na protini ya ngano ni adui wa mtu mwenye mzio wa ngano.

Tuje kwenye sheria. Kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, zilizotolewa mwaka 1985 na kurekebishwa mara nyingi baadaye, huvigawa vitu katika mafungu. Kiambato sharti kitajwe. Kisaidizi cha utengenezaji, yaani kitu kilichotumika njiani kisha kikaondolewa, hakihitaji kutajwa, isipokuwa kama ni cha aina iletayo mzio. Nchi nyingi zimeufuata mkondo huo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 ilikwenda mbali zaidi, ikavisamehe kabisa orodha ya viambato vinywaji vyenye kileo kilichozidi asilimia 1.2, divai ndiyo iliyoondolewa katika msamaha huo, kwa zile zilizotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023. Samaki wamo katika orodha ya vyakula viletavyo mzio, lakini bondo linalong'arisha bia na divai limetolewa humo kwa jina. Maziwa na mayai katika divai hutajwa pale tu maabara iwezapo kuyagundua. Kwa hiyo mnunuzi hushangaa kukuta neno "maziwa" kwenye chupa ya divai nyeupe, ilhali chupa ya jirani yake, iliyong'arishwa vivyo hivyo na kuchujwa vizuri zaidi, imenyamaza. Mvegani hupata habari yake kwa bahati tu, kutokana na hofu ya ugonjwa wa mtu mwingine na ukali wa chombo cha kupimia.

Wazo lililo chini ya sheria hizo ni kwamba kisichobaki hakikuwapo. Kwa mwenye mzio wazo hilo latosha, maana mwili hudhuriwa na kilichobaki. Kwa mtu mwenye mwiko halitoshi, maana mwiko huangalia kilichotendwa. Na hapa ndipo msomaji asiyegusa kileo kamwe anapohusika. Jelatini hutumika pia kung'arisha maji ya matunda, hasa ya tufaha, na jelatini nyingi ya Ulaya hutokana na ngozi ya nguruwe. Boksi la maji ya tufaha lililo angavu kama kioo laweza kufika kwenye meza ya futari huko Tanga au Mombasa bila neno lolote la kumjulisha mnunuzi kilichopita ndani yake.

Wapinzani wa hoja hii wana swali moja zito: ikiwa maabara haiwezi kukiona kitu hicho, mkaguzi atajuaje kwamba lebo inasema kweli? Swali hilo limekwisha kujibiwa kwa vitendo. Hakuna maabara iwezayo kupima kipande cha nyama ikabaini kama mnyama alichinjwa kwa kutajiwa jina la Mungu. Hata hivyo mihuri ya halali inatolewa na kuaminiwa duniani kote, kwa sababu mkaguzi huenda machinjioni akaona kazi ikifanyika, akasoma vitabu vya ghala, akaangalia hati za manunuzi. Kiwanda kinachonunua bondo au jelatini kina hati ya kuinunua. Kufuatilia karatasi ni kazi rahisi kuliko kufuatilia molekuli.

Wasemao kwamba lebo zitajaa maneno nawajibu kwamba maneno yanayohitajika ni machache: "imeng'arishwa kwa bondo la samaki", au "kwa jelatini ya nguruwe", au "kwa udongo". Mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yangeweza kuanza na maji ya matunda, ambayo hunywewa na watoto na watu wa dini zote, kisha yafikie bia na divai, ile ya Dodoma ikiwemo. Na vituo vyetu vya utafiti vina kazi inayongoja karibu sana na nyumbani: mlonge unaota uani, protini yake ina chaji ile ile iliyofanya bondo litafutwe hadi Mwanza, na kuijaribu katika pipa la maji ya matunda hakuhitaji zaidi ya kinu, kitambaa cha kuchujia na mizani nzuri.