Bia nyepesi haina pa kuficha kosa

JICHO LA FUNDI
Na Faustine Kiwelu

Wapenzi wa bia za kisasa wana kawaida ya kuibeza Budweiser. Ni maji tu, wanasema, haina ladha. Kila nikisikia hivyo hutamani kumkabidhi msemaji sufuria kubwa, mfuko wa kimea na miezi miwili, nimwambie: haya, itengeneze wewe. Wamarekani wanaopika bia majumbani wamejaribu. Wapo mahodari waliokwisha kupika bia nyeusi, nzito, za kusifiwa mtaa mzima, ambao wamesalimu amri mbele ya hii nyepesi. Nawe msomaji usiyegusa pombe usifunue ukurasa mwingine. Leo nazungumzia ufundi.

Marekani iliondoa marufuku ya pombe mwaka 1933, lakini sheria ya shirikisho iliruhusu divai ya nyumbani na kuiacha bia nje. Rais Jimmy Carter ndiye aliyetia saini mabadiliko, Oktoba 1978. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi ikapata ruhusa ya kupika galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757, za kunywa na si za kuuza. Majimbo ya Mississippi na Alabama yaliruhusu mwaka 2013 tu.

Viungo vya Budweiser si siri, kampuni yenyewe huvitaja: maji, kimea cha shayiri, mchele, hopsi na hamira. Kizingiti cha kwanza ni mchele. Wanga wake haugeuki sukari wenyewe, unategemea vimeng'enya vya kimea. Hivyo mpishi huuchemsha mpaka uwe uji, akauchanganya na kimea cha shayiri na kuuacha mchanganyiko kwenye nyuzi joto 65 hivi kwa saa nzima. Mama anayepika busaa Kakamega hahitaji kufundishwa jambo hili, kwani unga wake wa mahindi uliokaangwa haufui dafu mpaka ukutane na kimea cha ulezi. Wako wanaoshikilia kwamba mchele ni uchakachuaji. Sikubaliani nao hata kidogo. Shayiri ya safu sita iliyolimwa Marekani karne ya 19 ilikuwa na protini nyingi iliyoleta ukungu ndani ya bia, na vimeng'enya vya kutosha kugeuza wanga wa nafaka nyingine. Waliotia mchele waliijua nafaka ya nchi yao.

Kazi yenyewe huja baada ya moto kuzimwa. Budweiser ni bia ya aina ya lager, na hamira ya lager hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 10 hivi, tena polepole. Bia nyeusi ina ladha ya kimea kilichochomwa, na kosa dogo humezwa humo. Hii ya rangi ya dhahabu haina pa kulificha. Ukiichemsha na mfuniko juu, itanuka mahindi ya kuchemsha. Ukiiondoa kwenye hamira mapema, itakuletea harufu ya tofaa bichi, au siagi.

Siagi ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu hujificha. Unaionja bia changa leo, safi kabisa. Baada ya wiki kadhaa inanuka kama popkoni za sinema. Mpishi makini huitega. Hujaza glasi mbili na kuzifunika, moja akaiacha kwenye baridi, nyingine akaitumbukiza katika maji moto ya nyuzi 60 au zaidi kwa nusu saa. Halafu huipoza na kunusa zote mbili. Iliyopata joto ikitoa siagi, hamira bado haijamaliza kazi. Basi huipandishia bia joto hadi nyuzi 16 au 18 kwa siku kadhaa, hamira ile mabaki yale, ndipo aishushe karibu na sifuri na kusubiri wiki nyingine kadhaa. Nyumbani, yote hayo hutegemea friji kuukuu, kidhibiti joto na moyo wa kungoja.

Wengine hununua hata vipande vya mbao wakisikia kwamba kiwanda huvitandika chini ya matangi. Wanadhani vina ladha. Vimewekwa ili hamira ipate eneo pana la kutua, basi.

Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi wa viwanda wanaotoa bia hii ileile mwaka baada ya mwaka, ingawa shayiri hubadilika kila msimu. Unaweza usiipende, mimi mwenyewe kuna nyingine ninazozipenda zaidi. Ila kuidharau ni kutojua kilichomo.

Na anayedai ameiiga asituonyeshe karatasi ya vipimo. Atuwekee glasi tatu zinazofanana, mbili za dukani na moja yake, au kinyume chake, bila alama yoyote. Tukishindwa kuitambua iliyo tofauti, tena na tena, nitamwita fundi mbele ya watu.